Bustani ya Wanyama ni Ghala la Mbegu



Siku moja mzee mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini kuchukua fomu za mbolea. Alipokwisha kutia sahihi hakuondoka. Alikaa kitini, akaweka kofia yake juu ya magoti, akaniuliza: "Mwalimu, nisaidie neno moja. Mimi kila usiku nalala shambani nikifukuza nguruwe wa mwituni wasile viazi vyangu. Na redio yasema kuwa wanyama wameletwa kwa ndege kutoka Marekani. Je, tumepungukiwa na wanyama hata tuagize wengine ng'ambo?"

Watu waliokuwa katika foleni walicheka, na mimi nilicheka pia. Lakini mzee hakuwa akifanya mzaha. Alitaka kujua. Siku ile sikumjibu vizuri kwa sababu watu walikuwa wengi na fomu nazo zilikuwa nyingi. Jibu lake ndilo hili, nami naliandika kwa ajili yenu nyote ambao mashamba yenu yapakana na msitu.

Jibu kwa ufupi ni hili: Ndiyo, mzee, tumepungukiwa. Si nguruwe tuliopungukiwa nao. Ni mnyama mwingine kabisa, na kama watu wa bustani za wanyama wasingaliweka mbegu yake, huenda leo tungekuwa karibu kumkosa kabisa.

BONGO NI MNYAMA GANI?

Usicheke jina lake. Huyu si bongo la kichwani. Bongo wa milimani ni mnyama wa jamii ya pongo na tandala, lakini ni mkubwa zaidi kuliko pongo. Dume lake laweza kufika kilo 300 au zaidi. Rangi yake ni kahawia nyekundu, na ubavuni ana mistari myeupe myembamba kumi au zaidi, kana kwamba mtu amemchora kwa chokaa. Masikio yake ni makubwa. Dume na jike wote wana pembe. Hula majani ya vichaka na hupenda mahali penye mianzi na giza, ndiyo maana watu wengi wamezaliwa na kuzeeka kando ya msitu bila kumwona hata mara moja.

Jike huchukua mimba muda wa miezi tisa na huzaa ndama mmoja. Basi, kwa habari ya kuzaa, bongo ni sawasawa na ng'ombe wako. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalihitaji mbele.

Kuna bongo wengine katika misitu ya Kongo na ya Afrika ya Magharibi. Lakini bongo wa milimani siku hizi hapatikani mwituni katika nchi nyingine yo yote duniani isipokuwa Kenya. Makao yake ni Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Wengi wenu, mkisimama mlangoni asubuhi, mwaiona misitu hiyo kwa macho yenu.

Je, wamebaki wangapi? Hawafiki 100 mwituni. Ukiwakusanya wote pamoja hawajazi malisho ya wakulima ishirini wa skimu wenye ng'ombe watano watano. Nao hawako pamoja. Wametawanyika katika vikundi vidogo vidogo, kundi hili mbali na lile.

WALIPUNGUAJE?

Sababu ni kadha wa kadha. Ya kwanza ni sotoka. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huu uliingia Afrika ya Mashariki na kuua ng'ombe kwa maelfu, na wazee wetu walisimuliwa na wazee wao jinsi njaa ilivyofuata. Sotoka haikuchagua ng'ombe peke yake. Iliua nyati, iliua tandala, iliua na bongo. Leo ugonjwa huo umekwisha duniani. Mara ya mwisho ulionekana mwaka 2001 katika nyati wa Hifadhi ya Meru hapa kwetu, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kuwa sotoka haipo tena. Lakini bongo waliokufa hawakurudi.

Sababu ya pili ni mitego ya waya na mbwa wa kuwindia. Bongo ana desturi moja mbaya kwa maisha yake. Akifukuzwa na mbwa hakimbii mbali. Husimama na kuwakabili kwa pembe, na hapo mwindaji humfikia kwa urahisi.

Sababu ya tatu ni kukatwa kwa misitu kwa mbao, kwa makaa na kwa mashamba. Tusifichane, hata sisi tumo katika sababu hii ya tatu. Siwaambii haya ili mwone haya. Kila mtu ahitaji kula. Nawaambia ili hesabu iwe kamili.

MBEGU GHALANI

Sasa tutazame habari ya bustani za wanyama. Hapo zamani bustani hizi zilijengwa ili watu wa mijini waone maajabu. Bustani ya London ilifunguliwa mwaka 1828 kwa ajili ya wataalamu, na mwaka 1847 watu wote wakaruhusiwa kuingia kwa kulipa. Simba aliwekwa katika kizimba chembamba, akazunguka humo mpaka akafa, na alipokufa waliagiza mwingine kutoka Afrika. Hiyo haikuwa kazi ya kuhifadhi. Ilikuwa kazi ya kupunguza.

Lakini baadaye watu waliona kuwa huko mwituni wanyama wanaisha, na kwamba wale walio bustanini wanaweza kuzaa. Hapo ndipo bustani zilizo nzuri zilipoanza kazi mpya, nayo ndiyo kazi ya ghala la mbegu.

Wewe mkulima waijua kazi hiyo. Ukivuna mahindi hupeleki yote sokoni, wala huli yote. Wachagua magunzi mazuri, wayatundika juu ya moshi au wayaweka mahali pakavu. Ukame ukija, au baridi kali ikiunguza shamba, waanza tena kwa mbegu ile. Akiba haiozi.

Katika miaka ya 1960 na 1970 bongo kadhaa walikamatwa katika misitu yetu na kupelekwa katika bustani za Marekani na Ulaya. Wakati ule watu wengi huenda waliona kuwa ni wizi tu. Lakini wale bongo walizaa, na watoto wao wakazaa. Huku kwetu walipungua mwaka hata mwaka. Leo bongo wa milimani walio katika bustani za ng'ambo ni wengi kuliko walio mwituni Kenya. Ghala limekuwa na mbegu nyingi kuliko shamba.

DAFTARI LA UKOO

Labda utauliza: Kuzalisha wanyama ndani ya ua kuna ugumu gani? Weka dume na jike, ungoje.

Ndugu yangu, usiseme hivyo wewe uliye na ng'ombe wa gredi. Wajua mambo yanayotokea mtu akiwa na dume mmoja, akampandishia ng'ombe wake, kisha akampandishia mabinti wa dume yule yule, na wajukuu wake pia. Ndama huwa wadogo na dhaifu. Maziwa hupungua. Ng'ombe wengine hawashiki mimba. Ndiyo sababu Bwana Shamba hukuambia ubadilishe dume, au upandishe kwa mbegu ya dume iliyoletwa katika mtungi wa baridi, na ndiyo sababu wafugaji wa ng'ombe wa ukoo huandika kitabu cha kuonyesha baba na mama wa kila ndama.

Bustani za wanyama hufanya vivyo hivyo. Kila bongo ana nambari yake. Katika daftari moja kubwa linalotumiwa na bustani za nchi mbalimbali huandikwa siku aliyozaliwa, baba yake, mama yake, na mahali alipo. Mtu anayelitunza daftari hutazama akasema: Dume huyu wa bustani hii ana ndugu wengi, asizae zaidi. Jike yule hana ndugu, apelekewe dume kutoka mji mwingine. Hawamchagui dume kwa uzuri wa pembe zake. Hutazama undugu, ili damu iwe ya namna nyingi na watoto wawe na nguvu.

Kazi hii ni ya karani, kazi ya kalamu na karatasi. Sioni haya kuisifu, kwa kuwa mimi mwenyewe ni karani. Daftari likikosewa, baada ya miaka thelathini hutabaki na mbegu njema ya kupanda.

KURUDI NYUMBANI

Mwaka 2004 bongo 18 walisafirishwa kwa ndege kutoka bustani za Marekani mpaka Kenya. Waliletwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, katika hifadhi inayoitwa Mount Kenya Wildlife Conservancy.

Je, walifunguliwa siku ile ile na kuingia msituni? La. Fikiri habari ya ng'ombe wa gredi aliyetolewa katika nchi isiyo na kupe akaletwa katika malisho yenye kupe wengi. Wajua mwisho wake: ndigana humwua kabla hujamaliza kulipa mkopo. Bongo aliyezaliwa Marekani naye hamjui kupe wa Kenya. Hamjui chui. Hajui majani yapi ni chakula na yapi ni sumu. Tena amezoea binadamu, naye binadamu ndiye adui wake mkubwa. Kwa hiyo waliwekwa ndani ya ua, wakazaa, na watoto wao wakazaa tena hapa nchini. Kila kizazi kiliachwa kiishi mbali zaidi na mkono wa mtu.

Miaka kumi na minane ilipita. Mwaka 2022 bongo wa kwanza wa ukoo ule waliingizwa katika hifadhi ya Mawingu, yenye ekari 776 za msitu wa asili chini ya Mlima Kenya, wajitafutie chakula wenyewe. Na mwezi wa Februari mwaka 2025 bongo wengine 17 waliletwa kutoka Florida, Marekani. Hao ndio mzee wetu aliowasikia katika redio.

Hapo utaona kuwa kazi hii si ya msimu mmoja. Aliyepanda mti wa mkangazi hauvuni yeye, huvuna mjukuu wake.

Na wale bongo wachache waliobaki mwituni hawakuachwa hivi hivi. Tangu mwaka 2004 kuna wafuatiliaji, watu waliotoka vijiji vya karibu na msitu, ambao hufuata nyayo zao na kufunga kamera katika miti ili kujua wako wangapi na wako wapi. Bustani ya Chester ya Uingereza ni mojawapo ya waliosaidia kazi hiyo. Basi fedha ya kiingilio anayolipa mtoto wa Uingereza ili amwone bongo huweza kufika mpaka Aberdare.

MIFANO MINGINE MITATU

Usidhani kuwa bongo ni peke yake.

Tanzania, katika milima ya Udzungwa, kuna korongo la mto Kihansi. Mnamo mwaka 1996 wataalamu walikuta huko chura mdogo wa rangi ya manjano, mrefu kama ncha ya kidole chako, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko yale peke yake, na hakuna mahali pengine. Bwawa la umeme lilipojengwa maji yalipungua na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, na bustani za Bronx na Toledo zikajifunza kuwatunza kwa taabu nyingi. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa mwituni hawapo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi, ambako mabomba yalikuwa yametegwa ili kunyunyiza maji. Tanzania ilipata umeme, na chura hakupotea.

Huko Oman, nchi ambayo watu wengi wa pwani yetu wana jamaa zao, choroa mweupe wa jangwani aliwindwa kwa magari na bunduki mpaka wa mwisho akauawa mwaka 1972. Lakini mwaka 1962 wachache walikuwa wamekwisha kukamatwa, na kundi la kuzalisha likaanzishwa katika bustani ya Phoenix, Marekani. Watoto wao walirudishwa Oman mwaka 1982, wakaongezeka mpaka wakafika mamia. Kisha wawindaji haramu wakarudi, na kundi likaanguka tena vibaya. Hapa pana funzo: mbegu ikirudishwa shambani bila kulindwa, ndege huila.

Mfano wa tatu ni wa huzuni. Kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa akiishi Uganda, Sudan, Kongo na nchi za jirani. Mwituni amekwisha. Mwezi wa Desemba mwaka 2009 vifaru wanne wa mwisho walioweza kuzaa waliletwa kutoka bustani ya Dvůr Králové, katika Jamhuri ya Cheki, mpaka Ol Pejeta huko Laikipia. Walikuwa madume wawili, Sudan na Suni, na majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Ilitumainiwa kuwa hewa na majani ya Afrika yatawafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014, na Sudan akafa mwezi wa Machi mwaka 2018, naye ni mzee wa miaka 45. Leo wamebaki majike wawili tu, mama na binti yake.

Tangu mwaka 2019 madaktari wamekuwa wakitoa mayai na kuyatungisha kwa mbegu ya madume waliokufa, ambayo ilikuwa imewekwa katika baridi kali kama ile ya mbegu ya ng'ombe wenu. Vijusi vimepatikana na vimehifadhiwa. Ni lazima vipandikizwe katika matumbo ya vifaru wa kusini, kwa kuwa hawa wawili hawawezi kubeba mimba. Kazi inaendelea. Lakini tazama tofauti. Bongo aliwekewa akiba mapema, kifaru huyu alikumbukwa jioni. Majuto ni mjukuu.

YATIMA WALIO KARIBU NASI

Kazi nyingine ya bustani za wanyama ni kuokoa walioumia na yatima. Nairobi, karibu na lango la Hifadhi ya Taifa, kuna kituo cha wanyama yatima kilichofunguliwa mwaka 1964. Huko hupelekwa watoto wa simba waliofiwa na mama, duma waliokutwa wamefungwa kamba katika nyumba za watu, nyani waliovunjika miguu, na wengineo. Wanaoweza kupona na kurudi mwituni hurudishwa. Wasioweza hubaki, na watoto wa shule huja kuwaona na kujifunza. Watoto wengi wa Nairobi walimwona simba kwa mara ya kwanza hapo.

Ndani ya hifadhi ile ile ya Nairobi kuna kituo cha ndovu yatima. Mama mmoja aliyeitwa Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ya kumfaa ndama wa ndovu. Wengi walimfia. Mwishowe aligundua kuwa ndama wa ndovu hawezi kusaga mafuta yaliyo katika maziwa ya ng'ombe, lakini maziwa ya unga ya watoto wachanga yaliyotiwa mafuta ya nazi yalimfaa. Tangu hapo ndovu wengi wamelelewa, wakapelekwa Tsavo, na wengine wamekwisha kuzaa mwituni.

KOSA LANGU MIMI

Naona ni haki niwasimulie jambo ambalo silipendi.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa skimu alikuja ofisini na gunia. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa pongo, mdogo kama paka, macho meusi yakimetameta. Alimkuta amelala peke yake kati ya mistari ya mahindi karibu na msitu. Hakuwa na jeraha. Mama yule alimhurumia, akasema, "Mwalimu, huyu ni yatima. Nifanyeje?"

Mimi nilisoma chuo cha ualimu kabla ya kuwa karani, na nilidhani najua. Nilimwambia, "Mpe maziwa ya ng'ombe kwa chupa, mara tatu kwa siku, mpaka atakapokuwa mkubwa." Alifanya kama nilivyomwambia. Siku ya pili mtoto wa pongo alihara. Siku ya tatu asubuhi alikutwa amekufa karibu na meko, na watoto wa nyumba ile walilia.

Nilipomweleza daktari wa mifugo aliniuliza, "Nani aliwaambia kuwa ni yatima?" Akanifundisha kuwa pongo humficha mtoto wake mahali pamoja na kwenda kulisha, kisha hurudi kumnyonyesha. Mtoto hulala kimya bila kujongea ili chui asimwone. Basi yule hakuwa yatima. Mama yake alikuwa karibu, huenda alikuwa akitutazama. Sisi ndio tuliomfanya yatima, na kisha tukamwua kwa maziwa.

Tangu siku ile sitoi shauri juu ya jambo nisilolijua. Na nimejifunza mengine niwaambieni.

UFANYE NINI?

1. Ukimkuta mtoto wa mnyama amelala peke yake, usimguse. Rudi nyuma, wafunge mbwa, uwaambie watoto wasimsogelee. Kesho yake huenda usimwone tena, kwa kuwa mama yake amemchukua.

2. Kama mama yake amekufa nawe umemwona, au mtoto ana jeraha au mtego, peleka habari upesi kwa kituo cha K.W.S. kilicho karibu. Kama kiko mbali, mwambie chifu au polisi naye ataipeleka habari.

3. Ukingoja msaada, mweke mahali penye kivuli na kimya. Usimpe maziwa ya ng'ombe wala uji. Uliza kwanza.

4. Usimkaribie mnyama anayetokwa na mate au anayetembea ovyo bila kuogopa watu. Huenda ana kichaa cha mbwa. Na mzoga uliokutwa umekufa bila sababu usiuchune, maana kimeta hakimwachi mtu.

5. Usimfuge mnyama wa mwituni bila kibali. Sheria inakataza. Tena mtoto wa nyani anayechezea watoto leo, kesho atawauma.

6. Mtego wa waya ukiuona msituni au kando ya shamba, toa habari. Waya uliotegwa kwa ajili ya paa hauchagui. Humshika bongo, na humshika hata ndama wako.

7. Usiwaache mbwa wako waende msituni usiku.

8. Nyati au ndovu wakiharibu mazao yako, usiwafukuze peke yako. Toa habari upesi, na uonyeshe uharibifu kabla hujalima tena, maana sheria ya mwaka 2013 imeweka njia ya kudai fidia. Najua kuwa malipo huchelewa, na wengi wenu mmeniambia hivyo kwa uchungu. Lakini dai lisiloandikwa haliwezi hata kuchelewa, kwa kuwa halipo.

GHALA SI SHAMBA

Sitaki mwondoke mkidhani kuwa kila bustani ya wanyama ni njema. La. Ziko zilizo gereza tu, ambazo mnyama hudhoofu, hana daktari, wala hakuna daftari, na mwenyewe hutazama fedha ya mlangoni peke yake. Ukitaka kuipima bustani, uliza maswali uliyozoea kuuliza juu ya boma la ng'ombe: Wanyama wana nafasi? Wana maji safi? Wanazaa? Wanaandikwa? Na uliza moja zaidi: Je, imekwisha kumrudisha hata mmoja kwao, au kuwasaidia walio mwituni?

Na hata bustani iliyo bora haiwezi kuwa mahali pa msitu. Mbegu ghalani haimshibishi mtu mpaka iingie udongoni. Kama msitu wa Aberdare ukiisha, bongo wa Florida watarudi wapi? Watakaa katika ua mpaka mwisho wa dunia, na watoto wetu watalipa nauli ya ndege kwenda Marekani kumtazama mnyama wa Kenya.

Wala msitu huo si wa bongo peke yake. Mito inayopita katika skimu zetu hutoka humo. Mianzi inayomficha bongo ndiyo inayoishika mvua isishuke yote kwa siku moja na kuchukua udongo wako. Waya wa umeme uliozungushwa Aberdare, karibu kilomita 400, ambao ulimalizika mwaka 2009, huwazuia ndovu wasiingie shambani na huwazuia wakata miti wasiingie msituni. Ua mmoja wafanya kazi mbili.

Baba na babu zetu walipopewa mashamba haya, tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, waliambiwa wayatunze ili watoto wao warithi. Msitu ulio mpakani ni sehemu ya urithi huo, ijapokuwa haumo katika hati zetu za mashamba.

Basi, mzee wangu uliyeniuliza swali, ukisoma gazeti hili jua kwamba jibu lako limefika, ijapokuwa limechelewa. Wale wanyama hatukuwaagiza kwa sababu ya anasa. Ni watoto wa skimu yetu waliozaliwa ugenini, wanarudi kwao. Nguruwe wako nawajua, na mwezi ujao tutaeleza namna ya kujenga ua wa kuwazuia. Hata hivyo siku moja, ukiwa shambani alfajiri katika ukungu, ukamwona mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe amesimama mpakani akikutazama, usimwite mbwa. Simama kimya. Mwache apite arudi msituni, kisha uje ofisini unieleze. Mimi sijamwona hata mmoja, nami natamani sana kusikia.